Hofu Isiyo na Mwenyewe

Mkulima wa Sagalla, upande wa chini unaopakana na nyika ya Tsavo, anaijua hofu yenye sababu. Usiku, mahindi yakiwa yamekomaa, mabua yanaanza kuvunjika, mbwa anabweka mara mbili kisha ananyamaza ghafla, na mtu aliye kitandani anajua kabla ya kuambiwa kwamba tembo ameingia shambani. Moyo unakwenda mbio. Viganja vinalowa, koo linakauka, miguu inapata nguvu ambayo jioni, wakati wa kurudi na jembe, haikuwepo. Kazi hiyo kwa kiasi kikubwa inaanzia kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, moja kila upande, kila moja ikiwa na uzito wa gramu nne au tano hivi. Kiini cha kila tezi humwaga adrenalini na noradrenalini kwenye damu, na baada ya sekunde chache mwili mzima una habari. Ndizo tezi za adrenali. Bartolomeo Eustachi alizieleza huko Roma katika karne ya 16, na ilibidi kungoja hadi mwaka 1855, daktari Thomas Addison wa London alipoeleza hali ya wagonjwa ambao tezi hizo zimeharibika, ndipo watu wakaanza kuelewa kwamba bila vijinyama hivyo mtu haishi.

Sasa mfikirie mtu mwingine, wa Voi mjini, ambaye mambo hayohayo humjia akiwa dukani kwake akihesabu chenji. Hakuna tembo, hakuna mwizi, hakuna aliyemtukana. Moyo unamwenda mbio, kichwa kinagonga, jasho linamtiririka hadi shati linagandamana na mgongo, uso unampauka, na juu ya yote hayo anaingiwa na uhakika kwamba anakufa. Baada ya dakika ishirini, au pengine saa nzima, jambo hilo limepita. Wiki ijayo linarudi. Presha ikipimwa wakati huohuo iko juu mno. Ikipimwa siku ya kliniki, baada ya kukaa kwenye foleni tangu asubuhi, huenda ikawa sawa kabisa. Uko ugonjwa wa namna hiyo. Ni nadra, huonekana kwa watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka, na madaktari huuita feokromositoma: uvimbe ndani ya tezi ya adrenali unaomwaga kemikali za hofu bila kuagizwa na tukio lolote.

Ugonjwa huu unanishughulisha kwa sababu ya swali unalolibeba. Hofu ya mtu wa dukani ni hofu kweli? Kila kilichomo katika hofu ya mkulima wa Sagalla kimo pia katika hofu yake, isipokuwa kimoja tu, tembo. Na kama tembo ndiye aliyeipa hofu ya mkulima maana, basi huyu wa dukani amepewa mzigo mzima bila hata kuambiwa ni wa nani.

Mwaka 1884 Mmarekani William James alitoa hoja iliyowakera wengi: kwamba tumezoea kusema tunatetemeka kwa kuwa tunaogopa, ilhali ukweli ni kwamba mwili hutetemeka kwanza, na kule kuuhisi mwili ukitetemeka ndiko tunakokuita kuogopa. Miaka 40 baadaye daktari wa Kihispania, Gregorio Marañón, aliiweka hoja ya namna hiyo kwenye mizani. Aliwadunga watu 210 sindano ya adrenalini, kisha akawauliza wanasikiaje. Wengi walimweleza mambo ya mwili peke yake: moyo, mikono, kifua. Waliotaja hisia hawakufika theluthi moja, na hata kati yao wengi walisema wanajisikia kana kwamba wanaogopa, kana kwamba kuna jambo kubwa linakuja, nao hawajui ni lipi. Kwa hiyo James hakukosea kabisa, lakini hakumaliza. Mwili unaweza kuitayarisha hofu hadi mlangoni. Ili iwe hofu kamili, lazima iwe hofu ya kitu.

Lakini watu wa Marañón walijua wamedungwa sindano. Mtu wetu wa Voi hajui. Naye, kama binadamu yeyote, hawezi kukaa muda mrefu na hofu isiyo na mwenyewe. Atamtafuta mwenyewe, na kwa kuwa anatafuta kati ya watu anaoishi nao, atampata. Atakuwa jirani waliyegombania naye mpaka wa kiwanja, au shangazi aliyeondoka kwenye mazishi bila kuaga, au mke wa kaka yake. Hapo ndipo uvimbe wa sentimita tatu unapoacha kuwa shida ya mtu mmoja na kuwa shida ya ukoo.

Taita, nchi ya Sagalla na Voi, iliishi na swali hili kabla ya hospitali yoyote. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti vilimani huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba katika dini ya jadi ya Wataita hasira iliyofichika moyoni ndiyo iliyoonekana kuwa chanzo kikubwa cha maradhi na mikosi: hasira ya mzazi, ya ndugu, ya mzimu aliyesahauliwa. Mwenye hasira hakuhitaji kutaka kudhuru. Kule kukasirika kwake peke yake, hasa akiwa na haki ya kukasirika, kulitosha. Kazi ya mpiga ramli ilikuwa kujua ni moyo wa nani. Akishajulikana, anaitwa, anachukua maji au pombe ya miwa kinywani, anaipuliza nje kwa matone huku akitamka maneno ya kuiachilia hasira yake na kumwombea heri mgonjwa. Hiyo ndiyo kutasa, na kitabu cha Harris cha mwaka 1978, Casting Out Anger, kimeizunguka ibada hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Harris huyohuyo alikuwa ameandika, mwaka 1957, kuhusu saka, mishtuko iliyowapata wanawake wa Kitaita: kutetemeka, macho kukodoka, kupoteza fahamu, na tiba yake ikiwa ngoma au kupewa kile ambacho nafsi imekitamani.

Sisemi saka ilikuwa uvimbe wa tezi. Ugonjwa unaompata mmoja katika mamia ya maelfu hauwezi kuwa maelezo ya jambo lililoonekana kijiji kwa kijiji, na mtu anayeikimbilia tafsiri hiyo anawanyang'anya wanawake wale kile walichokuwa wakikisema kwa miili yao. Ninachosema ni kwamba vilima hivi vilikuwa na utaratibu kamili wa kuuliza swali la kwanza ambalo kila mtu aliyeshikwa na hofu asiyoielewa huuliza: inatoka kwa nani? Na swali hilo lina heshima yake. Linamchukulia mgonjwa kuwa mtu mwenye watu.

Tiba ya nyuklia, ile inayotumia dutu zenye mionzi, inauliza jambo jingine: inatoka wapi? Namna inavyouliza ni ya ajabu, na sioni kama sisi tusio wataalamu tumewahi kuitazama kwa umakini unaostahili.

Aliyeanzisha njia hiyo ni George de Hevesy, Mhungaria. Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake. Mwaka 1911 alikuwa Manchester, amepanga chumba na kula chakula cha mama mwenye nyumba. Akashuku kwamba nyama inayobaki sahanini Jumapili inarudi mezani katikati ya wiki ikiwa imebadilishwa sura. Jumapili moja akatia chembe ya dutu yenye mionzi kwenye mabaki yake. Siku chache baadaye akaleta kifaa cha kupimia mionzi mezani, na chakula kikajitangaza. Fikra yenyewe ni hiyo: changanya katika jambo chembe ndogo mno isiyoweza kulibadilisha, lakini yenye sauti, kisha iache iende inakokwenda. Hevesy alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 kwa kazi ya kufuatilia vitu kwa isotopu.

Waliozipatia tezi za adrenali chembe yao ya kuzifuatilia ni watu wa Chuo Kikuu cha Michigan, kundi la William Beierwaltes. Walianza na gamba la tezi, yaani sehemu yake ya nje, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Gamba hilo hutengeneza homoni zake kutokana na kolesteroli, kwa hiyo walichukua kolesteroli wakaifungia iodini yenye mionzi, nalo gamba likaivuta. Kiini kilihitaji hila nyingine. Ilikuwapo dawa ya zamani ya presha, guanethidini, ambayo hujipenyeza kwenye seli zinazohifadhi noradrenalini. Donald Wieland na wenzake waliigeuza umbo kidogo, wakaipachika iodini, wakapata kitu kinachoitwa kwa kifupi MIBG. Seli za kiini cha adrenali hushindwa kukitofautisha na noradrenalini yao wenyewe. Hukifungulia mlango uleule, hukiingiza, hukiweka kwenye ghala lilelile. Mwaka 1981 picha za wagonjwa wenye feokromositoma zilichapishwa.

Mgonjwa mwenyewe huanza kujiandaa siku moja au mbili kabla ya sindano. Anapewa matone ya iodini ya kawaida, au vidonge, ili tezi ya shingoni ishibe na isije ikainyakua ile yenye mionzi. Daktari huenda akamsimamishia baadhi ya dawa, zikiwamo aina fulani za presha na za msongo wa mawazo, kwa sababu zinaufunga ule mlango. Sindano inadungwa polepole kwenye mshipa wa mkono. Kisha anaambiwa aende, arudi kesho. Kesho yake analala chali kitandani, bapa moja la kamera ya gama linashushwa juu ya tumbo hadi karibu kugusa nguo, jingine liko chini yake, na anaombwa atulie. Hakuna mlio wa kutisha, hakuna mwanga. Kamera haimrushii chochote. Katika eksirei mashine hutoa mionzi na mwili huizuia au huipitisha. Hapa mionzi inatoka kwa mgonjwa, na mashine inapokea tu. Anayeulizwa ndiye anayetoa nuru.

Picha inayotoka haifanani na mtu. Ni vumbi jeusi kwenye uwanja mweupe. Ini linaonekana, kubwa na la kijivu upande wa kulia. Tezi za mate zinaonekana chini ya masikio, moyo kwa ufifi, kibofu kwa weusi mzito kwa kuwa dawa inatoka na mkojo. Tezi za adrenali zikiwa nzima hazionekani, au zinaonekana kwa shida. Hilo lilinishangaza nilipolielewa: tezi inayofanya kazi yake kwa kipimo haiachi alama kubwa. Lakini palipo na uvimbe, pale juu ya figo moja panatokea doa, jeusi kuliko jirani zake wote, na mtu yeyote, hata asiye daktari, ataweka kidole hapo.

Doa lile si umbo la uvimbe. Ni rekodi ya kile ulichokipokea tangu jana. CT skani hutoa umbo, tena kwa ukali mzuri kuliko kamera ya gama. Inaweza kukuambia kuna kinundu cha ukubwa gani na kimekaa wapi. Lakini katika watu wazima wanaopigwa CT ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa, kama 4 kwa kila 100 hukutwa na kinundu kwenye tezi ya adrenali, na vingi kati ya hivyo havifanyi lolote. Vimekaa tu. Ukimhukumu mtu kwa umbo la kinundu chake utakuwa umewapasua wengi bure. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupima metanefrini, mabaki ya adrenalini, katika damu au katika mkojo wa saa 24, ndipo picha zifuate. MIBG nayo si hakimu wa mwisho. Inakosa baadhi ya vivimbe, na siku hizi katika hospitali nyingi kubwa duniani vipimo vipya vya PET vimeipita kwa uwezo. Hata hivyo msingi umebaki uleule. Tunajua kitu ni nini kwa kutazama kinachokipokea na kinachokiacha kipite. Falsafa nyingi juu ya asili ya vitu zimetumia kurasa nyingi zaidi kusema machache zaidi.

Na mtu wetu wa Voi atapigwa wapi picha ya namna hii? Hospitali ya Moi ipo mjini, na ndiyo atakapoanzia. Vipimo vya nyuklia viko Nairobi: Kenyatta, Aga Khan, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, hizi mbili za mwisho zikiwa na mashine za kutengenezea isotopu palepale. Kuna sababu ya kuwa nazo palepale. Kila isotopu ina muda wake wa kupungua nusu, na haisubiri. Iodini-131 hupungua nusu kwa siku 8, kwa hiyo inaweza kupanda ndege kutoka bara jingine. Iodini-123, inayotoa picha safi zaidi kwa MIBG, hupungua nusu kwa saa 13. Florini-18 inayotumika katika PET ni dakika 110: ikipakiwa Nairobi na gari likachukua saa tano na nusu kufika Voi, itafika imebaki moja ya nane. Kaboni-11, ambayo watafiti huitumia kutafuta vivimbe vya gamba vinavyoleta presha, ni dakika 20. Gari likifika Mtito Andei haijabaki hata sehemu moja kwa elfu.

Dawa haiwezi kumfuata mgonjwa, basi mgonjwa atapanda SGR kuifuata dawa. Treni hiyo tangu mwaka 2017 inapita ukingoni mwa mbuga ambayo wengine wanalipa kuja kuiona, naye yuko ndani yake akiomba lisimshike kabla ya kufika. Zaidi ya kilomita 300, nauli, pa kulala usiku mmoja kwa kuwa picha ni ya kesho yake, na mtu wa kumsindikiza. Naliona hili kuwa suala la maana, wala si la usafiri tu. Kama ukweli kuhusu mwili wako unaoza kwa dakika 110, basi kuzaliwa karibu au mbali nao kunaamua kama hofu yako itapata jina au itaendelea kutafutiwa mchawi. Kaunti inayosubiri miaka kupata kipimo inasubiri pamoja na majina ya watu wanaotuhumiwa.

Hapa lazima nijizuie, maana kuna kosa la upande wa pili. Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, alifariki mwaka 1969, na katika uchunguzi wa maiti ilikutwa feokromositoma ya sentimita moja na nusu kwenye tezi yake ya kushoto. Alikuwa na presha iliyopanda na kushuka, na alijulikana kwa hasira zake. Inavutia sana kusema: kumbe ilikuwa tezi! Lakini Eisenhower mwenyewe alieleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyoshindwa kuitawala hasira akiwa mtoto, miaka mingi kabla uvimbe wowote haujafikiriwa, na jinsi mama yake alivyokaa naye kitandani kumfundisha. Hasira ile ilikuwa yake. Alipambana nayo maisha yake yote, na kuipa tezi ni kumnyang'anya mapambano yake. Doa kwenye picha linaweza kusema adrenalini hii imetoka hapa. Haliwezi kusema mtu alikuwa nani.

Kwa hiyo siamini kwamba kamera imemshinda mpiga ramli, kana kwamba walikuwa wakijibu swali moja. Kamera inapojibu wapi, inafanya jambo moja kubwa la kimaadili ambalo sijaona likisifiwa vya kutosha: inawafutia watu mashtaka. Jirani hakufanya kitu. Shangazi hakufanya kitu. Mgonjwa naye hakuwa mwoga wala mwendawazimu wala mtu wa imani haba, mambo ambayo pengine ameambiwa kanisani na nyumbani kwa miaka. Mtu anayeonyeshwa doa lile, akaambiwa yote yale yalitoka hapa, anapata nafuu kabla hata ya kupasuliwa. Wapo pia wanaopata huzuni fulani, na ninaielewa. Yale yaliyompata usiku, maombi aliyoyaomba, ahadi alizompa Mungu akidhani anakufa, yote sasa yanaambiwa yalikuwa maji ya tezi. Mimi ningemwambia hapana. Adrenalini ilikuwa ya tezi, ahadi zilikuwa zake. Alichofanya na hofu isiyo na sababu ni kitendo cha mtu, na kina maana hata kama kilichokichochea hakina.

Kisha anapasuliwa, baada ya majuma ya dawa za kuishusha presha ili mkono wa daktari usiuchokoze uvimbe. Tezi iliyobaki, kwa kawaida, inatosha. Anarudi Voi, anafungua duka. Presha imeshuka, shati linakaa kavu.

Lakini yale maneno yaliyosemwa juu ya shangazi yangali yamesemwa. Kwa miaka mitatu hakualikwa. Harusi ya mpwa wake ilifanyika Mwatate naye akaisikia kwa watu. Sasa anayo hasira, halisi, na haki ya kuwa nayo, na hakuna isotopu itakayoonyesha imekaa wapi kwa sababu kila mtu katika ukoo anajua. Ni lazima mtu apande mlima hadi kwake, aketi, aseme tulikukosea, tulidhani ni wewe. Na yeye, akikubali, achukue maji kinywani.